Lipu Iliyonyooka Huanza Kabla ya Saruji Kugusa Ukuta

Makosa mengi ya lipu huonekana siku ya kupaka rangi, wakati ambapo fundi amekwisha kulipwa na saruji imekwisha kutumika. Mwanga wa dirishani huangukia ukutani, na mawimbi ambayo hayakuonekana awali hujitokeza. Ubao wa kuandikia ukifungwa, upande mmoja hugusa ukuta na mwingine huacha mwanya.

Miradi mingi ya madarasa, zahanati na nyumba za watumishi hutekelezwa na mafundi wa maeneo husika chini ya usimamizi wa kamati za ujenzi. Kamati hizo hupokea vifaa, huhesabu mifuko na huridhia malipo kwa hatua. Lipu ni miongoni mwa hatua zinazotumia saruji nyingi, nayo mara nyingi hukaguliwa kwa macho tu. Macho hayatoshi. Ukuta ulionyooka hutokana na vipimo vinavyochukuliwa kabla ya kazi yenyewe kuanza, na huo ndio wakati ambao kamati inapaswa kuwapo.

Wima na usawa

Ukuta mzuri una sifa mbili tofauti. Ya kwanza ni kusimama wima, yaani kutoegemea ndani wala nje. Ya pili ni kuwa sawa, yaani kutokuwa na mabonde wala vitumbo. Ukuta unaweza kuwa sawa kabisa lakini umeegemea, au ukawa wima kwenye pembe huku katikati umevimba.

Sifa ya kwanza hupimwa kwa timazi au pimamaji. Timazi, ambalo ni uzito unaoning'inia kwenye uzi, halidanganyi iwapo hakuna upepo. Pimamaji hulegea kadiri linavyotumika, hivyo lijaribiwe: liwekwe ukutani na kusomwa, kisha ligeuzwe juu chini na kurudishwa mahali palepale. Povu likisoma tofauti, kifaa hicho hakifai. Sifa ya pili hupimwa kwa ubao mnyoofu au rula ya alumini yenye urefu wa mita 2 hivi.

Gharama ya sentimita moja

Lipu ya ndani kwa kawaida huwa na unene wa milimita 12 hadi 15. Chumba kimoja cha darasa kikiwa na kuta zenye jumla ya mita za mraba 80 za kupigwa lipu, kila sentimita moja inayozidi huhitaji takriban mita za ujazo 0.8 za mchanganyiko. Kwa uwiano wa ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 5 za mchanga, hiyo ni takriban mifuko 5 ya kilo 50. Katika shule yenye madarasa manne, mifuko 20 huishia ukutani bila kuongeza uimara wowote. Isitoshe, lipu nene iliyopigwa kwa mkupuo mmoja huteleza kwa uzito wake, hupasuka inapokauka na huweza kubanduka baadaye.

Kwa sababu hiyo, fundi makini hupitisha kwanza uzi kutoka pembe hadi pembe ili kutafuta mahali ukuta ulipotokeza zaidi, kwani hapo ndipo panapoamua unene wa lipu yote. Kama kilichotokeza ni tofali moja au uvimbe wa zege kwenye lenta, ni nafuu kuuchonga kwa patasi kuliko kuufukia kwa kunenepesha ukuta mzima.

Alama na mikanda

Baada ya kuondoa vumbi na kulowanisha ukuta bila kuacha maji yakitiririka, fundi huweka kidonge cha mchanganyiko karibu na kila pembe, juu na chini. Timazi huthibitisha kwamba kidonge cha juu na cha chini vimo kwenye mstari mmoja wima. Uzi hufungwa kati ya vidonge vya pembe hizo mbili, na vingine huwekwa katikati kwa kuufuata. Nafasi kati yake iwe fupi kuliko rula; kwa rula ya mita 2, mita 1.5 inatosha.

Vidonge vya juu na chini huunganishwa kwa mkanda wa lipu wenye upana wa sentimita 10 hadi 15. Mikanda ikishakaza kiasi, huwa reli za kazi nzima. Fundi hujaza mchanganyiko kati ya mikanda miwili, kisha huikalisha rula juu yake na kuivuta kutoka chini kwenda juu huku akiichezesha kushoto na kulia kama msumeno. Kilichozidi hukatwa, panapobaki shimo hujazwa, na rula hupitishwa tena. Ukuta husuguliwa kwa kibao baada ya lipu kuanza kukaza, si mapema. Kunyunyizia saruji kavu ili lipu ikauke haraka ni kosa, kwa kuwa huleta nyufa ndogondogo juu ya uso.

Pembe za chumba hupimwa kwa njia rahisi: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari kati ya ncha hizo uwe 100 kamili.

Mashine hainyooshi peke yake

Zipo mashine zinazosukuma mchanganyiko kwa bomba na kuurusha ukutani, na nyingine zinazopanda juu ya nguzo mbili huku zikiukandamiza ukutani. Mashine huharakisha kazi na kupunguza uchovu wa kurusha kwa mwiko. Hata hivyo, ile ya bomba bado huhitaji mikanda na rula, na ile ya nguzo hunyoosha ukuta kwa kadiri nguzo zake zilivyosimamishwa wima. Nguzo zikiegemea, ukuta nao utaegemea. Mashine pia huhitaji mchanga uliochekechwa vizuri, umeme wa uhakika na kusafishwa mara kazi inaposimama, la sivyo mchanganyiko huganda ndani ya bomba. Kwa vyumba viwili au vitatu vya kijijini, mikono yenye timazi sahihi inatosha.

Wajibu wa kamati

Kamati inashauriwa kufika eneo la mradi mara tatu katika hatua hii. Mara ya kwanza ni kabla ya lipu, kupima kuta zilizojengwa. Ukuta ulioegemea kwa sentimita kadhaa usifichwe kwa lipu. Mhandisi wa Halmashauri aarifiwe kupitia Ofisi ya Mtendaji, na iamuliwe mapema nani atabeba gharama ya marekebisho. Hatua hiyo humlinda pia fundi wa lipu, ambaye mara nyingi hulaumiwa kwa kosa la aliyejenga.

Mara ya pili ni siku ya vidonge na mikanda, kushuhudia timazi likipita. Mara ya tatu ni kabla ya malipo. Rula ya mita 2 iwekwe ukutani wima, mlalo na mshazari. Mwanya chini yake usizidi milimita 3. Ukuta ugongwe kwa vidole: palipo na mlio wa mtungi mtupu, lipu haijashika. Jioni, tochi ikilazwa sambamba na ukuta, kila wimbi hutoa kivuli chake.

Baada ya hapo, ukuta umwagiliwe maji kwa siku 7 ili saruji ikomae. Rangi isubiri hadi ukuta ukauke.