Wanafunzi wa Paris na Mtakatifu Msimamizi Wao

Watu wengi husikia Wakatoliki wakitaja jina la mtakatifu katika sala zao, wakadhani kwamba mtakatifu huyo huabudiwa. Sivyo. Kwa mafundisho ya Kanisa, ibada ni ya Mungu peke yake. Mtakatifu huombwa awaombee walio duniani, kama vile kijana amwombavyo mzee wa ukoo amsemee. Tena aliyechaguliwa kuwa msimamizi wa chama huwa kielelezo cha kufuatwa, na hapo ndipo penye kazi.

Jambo hili laonekana wazi katika habari za wanafunzi wa Paris, Ufaransa. Katika mwaka wa 1832 ugonjwa wa kipindupindu uliua watu zaidi ya 18,000 mjini humo, na mitaa ya maskini iliumia sana. Frédéric Ozanam, aliyezaliwa mwaka wa 1813, alikuwa akisomea sheria huko. Yeye na rafiki zake walikuwa na baraza la mjadala, ambamo waliitetea dini yao mbele ya wenzao wasioamini. Ndipo wakaulizwa: Kanisa lilitenda mema zamani, lakini ninyi mnaojisifia Ukatoliki mwawatendea nini maskini leo? Ozanam aliona kuwa swali hilo lilikuwa la haki, wala halikuweza kujibiwa kwa maneno.

Tarehe 23 Aprili 1833, vijana sita walikutana katika ofisi ya gazeti pamoja na Emmanuel Bailly, mtu mzima aliyewaongoza. Walianza kwa sala, wakamaliza kwa sala, na katikati wakafanya shauri la kuwazuru maskini majumbani mwao. Lakini maskini hao waishi wapi? Wakamtuma Jules Devaux, mwanafunzi wa uganga, kwa Sista Rosalie Rendu wa shirika la Mabinti wa Upendo, aliyekuwa amewahudumia watu wa mtaa wa Mouffetard kwa miaka mingi. Yeye akawapa majina ya jamaa za kuzuru na hati za kupatia mkate, akawaonya pia wawe wapole na wavumilivu, maana mtu mwenye njaa hapendi kuhojiwa kama mshtakiwa.

Mwezi wa Februari 1834 wakamchagua Mtakatifu Vincent de Paul kuwa msimamizi, wakaliingiza jina lake katika sala za mkutano, na kujiweka pia chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Vincent, aliyezaliwa mwaka wa 1581 katika jamaa ya wakulima, alikuwa padre wa Châtillon mwaka wa 1617. Siku moja aliwahubiria watu juu ya nyumba moja ambayo wote walikuwa wagonjwa. Watu wakaenda na vyakula vingi mno, hata akatambua kwamba vingine vitaoza, kisha jamaa ile itapata njaa tena. Basi akawapanga wanawake wa mji wapokezane zamu. Huruma haikupungua Châtillon. Mpango ndio uliokosekana.

Wanafunzi walishika njia hiyo. Walikwenda wawili wawili, na katika kila mkutano mfuko ulipitishwa kwa siri, asijulikane aliyetoa kingi wala kidogo. Mwisho wa mwaka wa 1834 walikuwa zaidi ya 100. Ozanam akataka wagawanyike katika makundi, wengine wakapinga kwa uchungu kwa kuogopa kupoteza urafiki wao. Mwaka uliofuata waligawanyika, na bila hivyo huenda chama kisingalivuka mipaka ya mtaa wao.

Ozanam mwenyewe hakuridhika na mkate peke yake. Baadaye, akiwa mwalimu wa sheria ya biashara huko Lyon, alisema juu ya haki ya mfanyakazi kupata ujira wa kumtosha yeye na jamaa yake. Alifariki mwaka wa 1853, akiwa na miaka 40. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri mwaka wa 1997, na Sista Rosalie mwaka wa 2003. Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo sasa kimo katika nchi zipatazo 150, Kenya ikiwa mojawapo, na wanachama wake hadi leo huwazuru wahitaji majumbani mwao.