Likidi za kamyo: tubadilishe lini, na namna gani?



Mara nyingi hapa tunaongea juu ya mbegu, mbolea na vijidudu vya mahindi. Leo tunaongea juu ya kamyo, kwa sababu ni yenyewe inamaliza kazi ya shamba. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 120. Motere ikikufa katikati ya njia mwezi wa 4, magunia yanabaki chini ya bashi, na mvua moja ya mwisho inatosha kuleta ukungu. Hasara hiyo ni ya wanamemba wote.

Mayi peke yake hayatoshi

Wengi wanajaza mayi tu mu radiateri. Hapa kwetu tuko juu ya mita 1,200, na mayi yanachemka karibu digrii 96, hayangoji 100. Tena mayi ya kisima mara nyingi yana chokaa: inajikusanya ndani ya radiateri na kuziba njia, na chuma kinaanza kula kutu. Likidi ya radiateri inachemka kwa moto mkali zaidi na inazuia kutu. Ichanganyeni nusu kwa nusu na mayi ya batri, ao mayi ya mvua yaliyokingwa safi.

Likidi ya kawaida inabadilishwa kila miaka 2. Ile ya muda mrefu inaweza kufika miaka 5. Musiamini rangi peke yake. Musome bidoni na kitabu cha kamyo. Na musichanganye aina mbili.

Namna ya kubadilisha

1. Mufanye asubuhi, motere ikiwa baridi. Kufungua kifuniko cha radiateri yenye moto kunaunguza uso na mikono.
2. Muweke beseni chini, mufungue bushoni ya chini, kiisha kifuniko cha juu.
3. Musafishe na mayi safi, muwashe motere dakika 10, muache ipoe, mumwange tena. Murudilie mpaka mayi yatoke meupe.
4. Mufunge bushoni, mujaze likidi mpya polepole. Muwashe motere kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe, muongeze, kiisha mufunge.
5. Kisha safari ya kwanza, motere ikipoa, muangalie tena kiasi.

Likidi ya zamani ikitoka na mafuta yanayoelea juu, ao mafuta ya motere yakiwa na rangi ya maziwa, kamyo isitoke. Mwite makanisye.

Likidi zingine

*Mafuta ya motere:* shofere aangalie kila asubuhi. Kitabu cha kamyo kinasema kilomita ngapi. Kwa kamyo inayobeba mizigo mizito mu vumbi la kiangazi, mubadilishe mapema kuliko kitabu, pamoja na filtri.

*Mafuta ya freni:* yanavuta unyevu wa hewa, na mu mteremko yanaweza kuchemka, pedali ikashuka bure. Kila miaka 2. Kama kamyo ina freni za hewa, mutoe mayi mu tanki za hewa kila siku.

*Bwati ya vitesi na ponti ya nyuma:* muangalie kiasi kila mara munapobadilisha mafuta ya motere. Kama kamyo imepita mu mto wenye mayi mengi, muangalie mara moja.

*Mazuti:* mufungue kabomba ka chini ya filtri, mutoe mayi yaliyokaa pale.

Kalenda na kaye

Mufuate kalenda ya shamba. Mwezi wa 3, mbele ya mavuno, muangalie kila kitu. Mwezi wa 9, mbele ya kubeba mbegu na mbolea, muangalie tena. Mu kamyo mukuwe na kaye: tarehe, kilomita, kitu kilichobadilishwa, jina la aliyefanya. Kila safari, komite iweke pembeni feza kidogo ya likidi. Bei ya bidoni moja na bei ya motere mupya, kila mutu anaweza kulinganisha mwenyewe.

Na jambo hili tunalisisitiza: shofere akisema kamyo haiendi leo, komite imusikilize. Asikatwe mushahara kwa sababu alilinda mali yetu.

Musimwange chini

Likidi ya radiateri ina utamu, lakini ni sumu: inaua mbuzi, imbwa, hata mutoto. Mafuta ya zamani yanaharibu udongo na mito yetu inayoelekea Lufira. Muyaweke mu bidoni yenye kufungwa, iandikwe SUMU, mbali na watoto, kiisha muipeleke ku garaji inayopokea mafuta ya zamani. Bidoni hiyo isirudi kamwe kuchotea mayi wala kuwekea mafuta ya mawese.

Mbele ya mukutano ujao, mulete kaye ya kamyo yenu, tuisome pamoja.