Ishara za Hitilafu katika Viendeshi vya Mota

Katika mashine za kusaga mahindi na muhogo za Beni na Butembo, ambako mota hulishwa na jenereta au na mitandao midogo ya umeme wa maji kama ule wa Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, ulioanza kazi mwaka 2013, fundi anayeilaumu mota kabla ya kuupima umeme unaoilisha huwa ameanzia mwisho.

Kiendeshi ni kifaa kinachoongoza mwendo wa mota: hupokea umeme wa mkondo geu, huufanya kuwa mkondo mnyoofu na kuuhifadhi katika kapasita, kisha huukata kwa transista ili mota izunguke kwa kasi inayotakiwa. Umeme wa fezi tatu wa volti 400 ukishanyooshwa hufikia volti 565 hivi, na kikomo cha volti, mkondo au joto kikivukwa transista huzimwa papo hapo, msimbo wa hitilafu ukaonekana kwenye kioo. Mwendeshaji mwenye foleni ya wateja hubonyeza kitufe cha kuwasha upya, tena na tena, na kama chanzo ni nyaya za kebo zilizogusana, kila jaribio huzitwisha transista mkondo uleule uliozizima.

Kabla ya kutafuta maana ya msimbo, yafaa kujua ulitokea wakati gani. Mkondo ukizidi wakati wa kuwasha, huenda kinu kimejaa nafaka au muda wa kuongeza kasi ni mfupi mno. Volti zikizidi wakati wa kusimamisha, uzito unaoendelea kuzunguka umeigeuza mota kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye kapasita, na dawa yake ni kurefusha muda wa kusimama au kufunga rezista ya breki. Volti zikishuka, huenda jenereta imeelemewa. Joto likizidi, katika chumba cha unga, chanzo aghalabu ni vumbi lililoziba feni.

Msimbo wa mkondo ukibaki hata baada ya kebo za mota kufunguliwa, kasoro imo ndani ya kiendeshi. Ukitoweka, mota na kebo hupimwa kwa kipima insulesheni, zikiwa zimetenganishwa na kiendeshi, kwa sababu volti 500 za kipimo hicho huweza kuziua transista. Kapasita nazo hubaki na umeme kwa dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa.

Ipo pia ishara ya uongo: katika saketi nyingi waya wa hitilafu hushikiliwa kwenye volti ya juu na rezista na kushushwa hadi sifuri hatari inapotokea, hivyo rezista iliyolegea, au waya uliolazwa sambamba na kebo za mota, hutosha kuisimamisha mashine isiyo na kasoro yoyote.