Utangulizi: Kumsoma Cherero Kuanzia Miguuni

Msomaji wa Kwashemshi, wilayani Korogwe, aliyezoea kufuga kuku asiogope kuingia humu. Kifaranga aliyelemaa amekwisha mwona, na utitiri anaujua. Kilichobaki ni kumzoea ndege mwenyewe, naye ni mwenyeji wetu. Cherero wa Fischer ni kasuku mdogo wa kusini mwa Ziwa Victoria, mwenye urefu wa sentimita 14 hivi na uzito wa gramu 50 tu. Mwili ni wa kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na jicho limezungukwa na ngozi tupu nyeupe. Dume na jike hawatofautiani kwa rangi; anayejigamba kuwatenganisha kwa kuwatazama tu, usimwamini upesi.

Jina ni la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyeishi Zanzibar na kuanzisha misafara yake ya bara kutoka Pangani, unakoishia mto uleule unaopita Korogwe. Anton Reichenow alimwandika ndege huyu kitaalamu mwaka 1887, Fischer akiwa amekwisha fariki. Kufikia miaka ya 1980 cherero alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa nje kwa wingi kabisa. Mengi tunayoyajua juu ya maradhi ya miguu yake yametoka kwenye matundu ya ugenini walikofugwa, maana porini kilema haishi siku nyingi.

Wengi huvutwa na rangi. Mimi nashauri uanze na miguu, kwa sababu rangi hukueleza ndege ametoka wapi, ila mguu hukueleza anavyotunzwa. Vidole viwili hutazama mbele, viwili nyuma. Mguu huo umeumbwa kwa matawi yenye unene mbalimbali. Mpe ufito mmoja laini, wa unene mmoja, akae juu yake mwaka mzima, na uzito utaangukia palepale kila siku hadi unyayo uvimbe na kutoka vidonda. Akilishwa mtama na alizeti peke yake hukosa vitamini A, ngozi ikadhoofu, vidonda vikaja mapema zaidi. Mchicha unaoota nyuma ya jiko ni dawa nzuri kuliko nyingi za dukani.

Kinda anayepiga msamba ana kisa kingine. Kiota chenye sakafu tupu inayoteleza humtanua miguu kabla mifupa haijakaza, na upungufu wa chokaa katika chakula cha mama huongeza balaa. Akiwahiwa, miguu hufungwa pamoja kwa utepe laini ikarudi mahali pake. Mifupa ikishakomaa, tiba hiyo haifui dafu. Pete ya mguuni iliyobana nayo hukata damu taratibu, bila kelele.

Jike aliyeacha kusimama ghafla msimu wa kutaga, usikimbilie kudhani amevunjika mfupa. Huenda yai limekwama na kubana mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Mweke mahali pa joto, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.