Wazee Wetu Nao Wautembee Mji

Ni jambo la kawaida visiwani mwetu kwamba mzee wa Pemba aonekanapo mjini Unguja, basi ama ameletwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, ama amekuja kufuatilia haki zake za kustaafu, ama yumo msibani. Amesomesha watoto wa wenziwe kwa miaka, au amechuma karafuu zilizoiletea nchi fedha za kigeni, lakini mji mkuu wa nchi yake haujui ila kwa dirisha la gari. Serikali ilipoanzisha Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, ilikiri kwamba mkulima na mvuvi nao wameitumikia nchi. Sasa ni zamu ya watoto kuwapa wazee hao siku chache za mapumziko.

Mahali papo. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kabla ya gari kufika, kama ulivyojengwa mji wa Lamu. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba ndefu zatupa kivuli, na mbele ya milango mingi mna baraza za mawe anapopumzika mpita njia bila ya kudaiwa senti. Ni mji wa mwendo wa mzee.

Hata hivyo, safari ya mzee haiandaliwi kwa pupa. Wakati wa kusi hewa huwa nzuri, lakini bahari huchafuka na mzee hufika nguvu zimemwishia. Wakati wa kaskazi bahari aghalabu hutulia, ingawa jua ni kali. Sisi tunachagua kaskazi, maana jua huepukwa kwa kutembea asubuhi na baada ya alasiri, mawimbi hayaepukiki. Na baada ya misiba ya meli ya 2011 na 2012, asione haya mtoto kukataa chombo kilichojaza abiria kupita kiasi.

Malazi yawe ndani ya mji wenyewe, karibu na msikiti, na chumba kiwe cha chini, kwani ngazi za nyumba za zamani ni kali kwa magoti. Bandarini Malindi mizigo apewe hamali, wazee waende mikono mitupu.

Kila siku itoshe sehemu moja. Jioni ya kwanza waifuate pwani hadi Forodhani, waione Ngome Kongwe, na Beit el-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Asubuhi ya pili waende soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, kisha Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa. Ya tatu iwe Hamamni, penye hamamu za Sayyid Barghash. Na mzee akitaka kukaa barazani akinywa kahawa na rafiki yake wa zamani, aachwe. Hayo nayo ni matembezi.

Lakini juhudi ya watoto peke yake haitoshi. Pikipiki na vespa hupenya vichochoroni kwa kasi, na mzee asiyesikia vizuri hana pa kukimbilia. Baraza nyingine zimefunikwa kwa bidhaa, na mifereji isiyo na vifuniko ni mitego kwa macho yaliyofifia. Tunaziomba mamlaka zinazohusika zitenge saa ambazo vyombo vya moto havitaingia ndani ya mji, baraza zirejeshewe wakaaji, mifereji ifunikwe, na vyoo vya umma viwe safi na vya kutosha. Hayo hayahitaji mkopo wa kigeni. Wageni wanaolipa watafaidika nayo pia, lakini waliotangulia kuyastahiki ni wale walioijenga nchi hii. Tungependa kaskazi ijayo iwakute wazee wetu wakitembea kwa raha zao.