Msiba Unapotafuta Mchawi

Filamu ya Hereditary, ya mwongozaji Mmarekani Ari Aster, iliyotoka mwaka 2018, ina kaburi lililofukuliwa na watu wanaomwabudu pepo aitwaye Paimon, lakini kinachotisha kuliko vyote humo ni meza ya chakula. Bibi amefariki, haukupita muda, mjukuu wake Charlie naye anakufa ndani ya gari linaloendeshwa na kaka yake, Peter. Mama yao, Annie, aliyeigizwa na Toni Collette, anaketi kula na mwanawe. Wote wawili wanajua nani alishika usukani na nani alishikilia mtoto apelekwe kwenye sherehe, na hakuna anayeweza kutamka kwamba amekosa. Baadaye filamu inafichua kwamba marehemu bibi ndiye aliyekuwa kiongozi wa waabudu hao na kwamba kila kifo kilipangwa. Kwa maoni yangu, ufichuzi huo unaipunguzia filamu makali, na kwa mtazamaji wa Mtunda au kokote wilayani Kibiti, ndio wenye hatari.

Msiba hutaka mkosaji. Tangu mwaka 1998 watafiti walikuwa wakiandika vizazi na vifo katika vijiji vya Rufiji, wakati Kibiti bado ni sehemu ya wilaya hiyo, wakiketi na wafiwa na kuwauliza marehemu alianzaje kuugua na alipelekwa wapi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004, kuhusu vifo vya malaria, ulionyesha kwamba familia nyingi zilikimbilia kwanza tiba ya kisasa, hata kwa degedege, ugonjwa ambao wazee waliuhusisha na mashetani. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa huku huikwepa hospitali. Ila daktari hueleza kilichomuua mtoto. Kwa nini awe wangu, kwa nini safari hii, hilo halimo kwenye cheti. Na katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambako mtumbwi hungoja maji yajae, mzazi hubaki akijiuliza kama angeondoka mapema mtoto angepona. Ramli humtua mzigo huo na kumtwisha jirani.

Sanaa yetu imezoea kumsaidia kuutwisha. Utenzi wa Swifa ya Nguvumali, uliochapishwa mwaka 1968, unamsifu mganga wa upande wa Kilwa aliyewafichua wauaji, na filamu za Mussa Banzi za miaka ya 2000 zilijaza vibanda vya video kwa mashetani yanayoonekana wazi. Katika kazi za namna hii mtazamaji huonyeshwa ushahidi. Kijijini ushahidi huo haupo. Kuna ndoto, ugomvi wa shamba, na uzee wa mtu. Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni.

Atakayenijibu kwamba uchawi upo, na filamu inauonyesha tu, hanilazimu kubishana naye kuhusu imani. Namuuliza jambo dogo: aliyenyooshewa kidole atajiteteaje dhidi ya kitu kisichoonekana? Mwingine atasema hii ni burudani, watu wanajua kutofautisha. Wengi wanajua, naam, wakiwa wamekaa kibandani na nyumba zao zina amani. Aliyezika juzi anatazama kwa macho mengine.

Filamu ya uchawi bila mchawi inawezekana, na inatisha. Katika I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni, mwaka 2017, iliyopigwa picha Zambia, msichana mdogo anashtakiwa polisi. Shahidi mmoja anaeleza jinsi msichana huyo alivyomkata mkono kwa shoka, kisha inabainika aliota, na mikono yake yote miwili ipo. Bado mtoto anachukuliwa. Watayarishaji wetu wana wafiwa, ramli na majirani wa kutosha kutengeneza filamu kama hiyo Kibiti, na haihitaji kumwonyesha shetani hata mmoja.