Ulimi wa muonjaji stadi hautambui sumu ya methanoli

MUONJAJI stadi wa wiski hana pupa. Humimina kidogo katika bilauri iliyobana mdomoni, akaitazama rangi, kisha akainusa polepole ili ukali wa kileo usimchome pua. Hatimaye hupiga funda dogo na kulizungusha ulimini kabla ya kulimeza. Matone machache ya maji huzidisha harufu. Barafu nyingi huififisha.

Kwa njia hiyo hubaini mengi. Sheria huagiza kwamba wiski ya Uskoti ikae katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Mbao za mapipa hayo ndizo huipa rangi na ladha inayokaribia vanila.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo ulimi huo hauwezi kulitambua, nalo ni methanoli.

Wakazi wa Mukuru, mitaa ya mabanda inayopakana na Industrial Area jijini Nairobi, walilijua hilo kwa uchungu mnamo Novemba 2000. Zaidi ya watu 100 walifariki na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe haramu ya kumi kumi, iliyoitwa hivyo kwa kuwa glasi iliuzwa Sh10. Ilikuwa imetiwa methanoli.

Methanoli ni kemikali ya viwandani, inayotumiwa kwa mfano kuyeyushia rangi na vanishi. Harufu na ladha yake hukaribia sana zile za ethanoli, yaani kilevi cha kawaida. Wapo wanaoipima pombe kwa kuiwasha kiberiti, lakini rangi ya mwale si thibitisho, kwani zote mbili huwaka.

Ikishaingia mwilini, ini huigeuza methanoli hatimaye kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho. Takriban mililita 10 zaweza kumpofua mtu. Ikichanganywa na ethanoli, madhara huchelewa zaidi, maana ini hushughulikia ethanoli kwanza. Kwa hivyo, mnywaji anayecheka saa chache baada ya kunywa si ushahidi kwamba kinywaji ni salama.

Sheria ya mwaka 2010 ilihalalisha chang'aa kwa masharti. Hata hivyo, mnamo Februari 2024 zaidi ya watu 10 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu.

Kinga, basi, ni kujua asili ya kinywaji: duka lenye leseni, chupa isiyofunguliwa, alama ya KEBS na stempu ya KRA. Kwa kuwa stempu nazo hughushiwa, bei ya chini kupindukia iwe onyo.

Aliyekunywa kisha akatapika, akaumwa na kichwa au kuona ukungu apelekwe hospitalini mara moja. Ipo dawa ya kuizuia sumu hiyo ikiwahiwa. Kumwacha alale ili pombe imtoke ni kumpotezea muda ambao ungemwokoa.